Kenya: Punda anapozeeka Lamu, ni nani humtunza?

Katika mji mkongwe wa Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, karibu kila mzigo hupita mgongoni mwa punda. Vichochoro vya mji huo, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni vyembamba mno kwa magari. Mawe ya kujengea, mchanga, saruji, magunia ya unga na hata takataka za majumbani huchukuliwa kwa shogi, ile mifuko miwili inayoning'inia ubavuni mwa mnyama huyo.

Hata hivyo, punda huzeeka kama kiumbe kingine chochote. Magego yake huisha, miguu hukakamaa na hatimaye hushindwa kubeba mzigo. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wafugaji, mashirika ya hisani na serikali wamelijibu kwa namna tofauti: ni nani atakayemlisha mnyama asiyeingiza tena hata shilingi moja?

Makao hayo yalianza vipi?

Mwaka 1987 shirika la hisani la The Donkey Sanctuary, lililoasisiwa nchini Uingereza mwaka 1969 na Elisabeth Svendsen, lilifungua makao ya punda na zahanati mjini Lamu. Matibabu hutolewa bila malipo. Punda wagonjwa na waliojeruhiwa hupewa mahali pa kupumzika hadi wapone, na baadhi ya wale waliochakaa kabisa hupata hifadhi. Svendsen alifariki dunia mwaka 2011, lakini shirika aliloliacha linaendelea na kazi hiyo katika nchi kadhaa, likitegemea michango ya watu binafsi.

Kwa nini punda wazee huachwa?

Sababu kubwa si ukatili bali ni hesabu. Mmiliki wa punda wa mizigo hujipatia riziki ya siku hiyohiyo. Punda asiyefanya kazi humla fedha zilezile ambazo mwenzake anayefanya kazi amezitafuta.

Ng'ombe anapozeeka huuzwa kwa mwenye bucha, na mfugaji hupata mtaji wa kununua mwingine. Kwa punda wa Lamu njia hiyo haipo. Wakazi wengi wa kisiwa hicho ni Waislamu, nao hawali nyama ya punda wa kufugwa. Kwa hiyo, kwa miaka mingi punda mzee hakuwa na bei yoyote. Aliachwa azurure vichochoroni, akijitafutia chakula kwenye majalala.

Majalala hayo yana hatari yake. Punda wanaokula humo humeza mifuko na vipande vya plastiki, ambavyo huweza kuziba utumbo na kusababisha maumivu makali ya tumbo na hata kifo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini taka nyingine za plastiki bado zipo.

Kumtunza punda mzee kunahitaji nini?

Punda aliyetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 30 au zaidi, ilhali wale wanaobebeshwa mizigo mizito bila matunzo hufa mapema zaidi. Maana yake ni kwamba makao yakimpokea punda aliyechoka akiwa na umri wa miaka 15, huenda yakawajibika kumlisha kwa miaka mingine 15. Uamuzi wa kupokea mnyama mmoja ni ahadi ya muda mrefu, na huo ndio mzigo mkubwa wa makao ya aina hii popote duniani, yawe ya punda au ya farasi.

Kazi yenyewe ni ya kila siku. Meno ya punda huendelea kuchomoza kadiri yanavyosagika, na yasiposagika sawasawa huacha ncha kali zinazochoma ulimi na mashavu. Daktari wa mifugo hulazimika kuyapiga tupa. Kwato nazo hukatwa kila baada ya wiki kadhaa. Dawa za minyoo zinahitajika, pamoja na chanjo ya ugonjwa ambao Kiswahili chenyewe kiliupa jina la mnyama huyu: pepopunda.

Jambo gumu zaidi ni kutambua maumivu. Punda huvumilia na kuficha, hivyo mtunzaji asiye mzoefu hudhani mnyama ametulia kumbe anaugua. Punda anayeacha kula, hata kwa siku chache, yumo hatarini, kwa sababu mwili huanza kuyeyusha mafuta kwa wingi hadi yakadhuru ini na damu. Hali hiyo huweza kusababishwa na huzuni tu. Punda hujenga urafiki wa dhati, na akitenganishwa na mwenzake huweza kususa chakula. Kwa hiyo makao yenye uangalifu huwapokea wawili waliozoeana, ingawa gharama huongezeka maradufu.

Upo pia uamuzi ambao hakuna anayeupenda. Mnyama anapokuwa na maumivu yasiyotibika, madaktari humpumzisha kwa sindano. Makao yanayokataa kabisa kufanya hivyo hujikuta yakirefusha mateso na kutumia nafasi ambayo mwingine angepona nayo.

Kwa nini makao peke yake hayatoshi?

Nafasi huwa chache kuliko wahitaji. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika nje ya uzio: kutibu vidonda vya mgongo, kuwafundisha wenye punda kutengeneza matandiko laini, kupunguza uzito wa mizigo na kuhakikisha maji yapo. Punda aliyetibiwa mapema huendelea kukaa kwa mwenyewe, na uzee wake huja taratibu.

Biashara ya ngozi ilibadilisha nini?

Katika miaka ya karibuni punda mzee alipata bei, na bei hiyo ndiyo iliyozua hatari mpya. Ngozi ya punda huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya asili inayohitajika sana nchini China. Kuanzia mwaka 2016, machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya katika maeneo ya Baringo, Naivasha, Turkana na Machakos.

Utafiti wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kuwa punda 301,977 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, sawa na takriban asilimia 15 ya punda wote nchini humo. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, hivyo idadi hiyo haikuweza kufidiwa. Wizi wa punda uliongezeka, na familia nyingi zikapoteza wanyama waliokuwa wakizichotea maji.

Sheria inasemaje?

Februari 2020, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Kenya, Peter Munya, alitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilitengua marufuku hiyo, baada ya kesi iliyofunguliwa na wenye machinjio. Desemba 2022, wajumbe kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam kuijadili biashara hiyo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliidhinisha mjini Addis Ababa kusitishwa kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Utekelezaji wa uamuzi huo unategemea sheria za kila nchi. Lakini marufuku, hata ikitekelezwa kikamilifu, humwondolea punda mzee kisu tu. Haimpi majani wala maji. Jukumu hilo linabaki kwa mmiliki, na pale anaposhindwa, kwa makao machache kama yale ya Lamu. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Kwa mnyama aliyebeba mawe ya mji mzima, mara nyingi mambo yamekuwa kinyume chake.