Mali Moja na Mizizi Kumi

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili, hapa Tanga, aliniuliza: "Madam, huku kukamilisha mraba nani alikuanzisha, na alikuwa anatafuta nini?" Nikampa jibu la mwalimu aliyebanwa: tutaliona kesho. Usiku ule nikanunua bando, nikaketi na simu kumtafuta al-Khwarizmi, mwandishi wa kitabu cha kale cha aljebra.

Jina la mtu nililijua, kama walimu wengi wa hesabu. Kitabu chake sikuwahi kukitia machoni. Niliandika jina, yakaja makala ya kumsifu, picha ya stempu yenye sura yake, na tovuti moja iliyotaka dola thelathini nisome kurasa kumi na mbili za mtu mwingine aliyemwandika. Kitabu chenyewe hakikutokea. Ilinichukua siku mbili nyingine kugundua kosa langu: vitabu vya zamani hulala chini ya majina ya zamani. Tafsiri ya Kiingereza ya Friedrich Rosen, iliyochapwa London mwaka 1831, inamwita mwandishi Mohammed ben Musa. Nyingine, ya Louis Karpinski ya mwaka 1915, inamwandika Khowarizmi, na hiyo haikutoka kwenye Kiarabu moja kwa moja bali kwenye Kilatini cha Robert wa Chester, aliyekifasiri kitabu Segovia, Hispania, mwaka 1145. Ukitafuta kwa tahajia ya leo, vyote viwili vinakupita.

Siku hizi simtafuti mwandishi, namtafuta mfasiri na mwaka. Niliandika "Rosen 1831" na kitabu kikaja kizimakizima kwenye maktaba ya Internet Archive, bila malipo. Nashauri mtu apakue nakala yenye picha za kurasa, hata kama ni nzito. Ile ya maandishi matupu husomwa na mashine, na mashine ikikutana na sehemu za namba au herufi za Kiarabu hutoa uji.

Kwa nini ni bure? Si wizi, jambo ambalo mkuu wangu wa idara alilitilia shaka. Haki za mfasiri huisha. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya huhesabu miaka 70 tangu afe, na Marekani, kwa vitabu vya zama zile, huhesabu miaka 95 tangu kichapwe. Friedrich Rosen, Mjerumani aliyefundisha London, alifariki mwaka 1837, hajatimiza hata miaka 33. Thomas Heath, aliyewafasiri Euclid na Archimedes, alifariki mwaka 1940, naye sasa ni wa wote. Lakini tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya Liber Abaci, kitabu cha Fibonacci, ilitoka mwaka 2002. Fibonacci alikufa karne nyingi zilizopita, ila kazi ya mfasiri bado ina mwenyewe. Nakala zake zinazozunguka kwenye makundi ya simu za walimu mimi sizigusi.

Sasa kitabu. Al-Khwarizmi alikiandika Baghdad wakati wa khalifa al-Ma'mun, mwanzoni mwa karne ya tisa, na katika dibaji anasema anawaandikia watu wanaogawana mirathi, wanaofanya biashara, wanaopima mashamba na kuchimba mifereji. Hakuna eksi wala alama ya kujumlisha, na hata namba zimeandikwa kwa maneno. Rosen aliufasiri mswada wa Oxford ulionakiliwa mwaka 1342, na baada ya Kiingereza chake akachapa Kiarabu chote. Kwa hiyo ukifika mwisho wa kitabu unakuta mwanzo wake, unasomeka kutoka kulia.

Mimi si msomi wa Kiarabu. Ninazo herufi nilizofundishwa chuoni nikiwa mdogo, kwa fimbo kidogo na halua kidogo. Nikaanza kuokoteza maneno ya ule mlinganyo maarufu ambao sisi tunauandika x² + 10x = 39. Neno la kwanza: mal. Nikasimama hapo. Ni mali. Mbele kidogo, tisa na thelathini, kisha dirham. Kitenzi cha "ni sawa na" kimetoka kwenye mzizi uleule uliotupa uadilifu. Rosen alipofika kwenye mal aliandika neno la Kiingereza la mraba, na kihesabu hakukosea, kwa sababu hapo mali ni ile namba isiyojulikana ikizidishwa kwa yenyewe. Lakini kwenye sura za mirathi neno hilohilo analifasiri kama mtaji. Msomaji wa Kiingereza anaona vitu viwili ambapo mwandishi aliweka neno moja. Mtu wa Pwani aliyekaa darasa la Kurani miaka miwili tu analiona bila kamusi.

Basi nikauandika ubaoni kwa maneno: mali moja na mizizi yake kumi ni sawa na dirham thelathini na tisa. Nikawaambia mzizi ni ile namba tunayoitafuta, na mali ni mzizi mara mzizi. Darasa likatulia kuliko linavyotuliaga nikiandika eksi. Mmoja akasema, "Kumbe hii ni hadithi." Al-jabr, nikawaeleza, ni kurudisha kilichopunguzwa mahali pake, na al-muqabala ni kuweka vitu mkabala, vya huku na vya huku, mpaka vinavyofanana viondoane. Wenye jina la Jabari darasani walifurahi sana, na hao huwa hawakosekani.

Kisha manila. Nilikata mraba mwekundu, upande wake ni mzizi. Nikakata mistatili miwili ya njano, urefu wake mzizi, upana tano, kwa kuwa kumi nimeigawa nusu. Nikaubandika mmoja juu ya mraba na mwingine ubavuni. Hivyo vipande vitatu kwa pamoja ni 39. Pembeni pakabaki pengo. "Pengo hilo ni kiasi gani?" Tano kwa tano, ishirini na tano. Nikapachika kipande cheupe, umbo likawa mraba kamili: 39 na 25 ni 64, upande wake nane. Ondoa tano, inabaki tatu. Kukamilisha mraba, nikasema, ndiko huku, tumeukamilisha kwa mkasi. Michoro hiyo imo kitabuni, na upo mwingine ambapo kumi imegawanywa mara nne ikazunguka mraba pande zote, lakini huo una vipande vingi vya kukata.

Yule muulizaji hakuridhika. "Madam, na hasi kumi na tatu je?" Kitabu chetu cha kiada kina majibu mawili. Cha al-Khwarizmi kina moja, kwa sababu hakuna mraba wenye upande hasi, na hakuna anayerithi hasi kumi na tatu. Nikamwambia akate mraba wa aina hiyo aniletee. Hajaleta.

Baada ya hapo nilinogewa. Kwa Euclid, Heath wa mwaka 1908 ni mabuku matatu yaliyojaa maelezo. Kwa darasa namchukua Richard Fitzpatrick, aliyeweka Kigiriki na Kiingereza bega kwa bega na kukigawa bure, au kitabu cha Oliver Byrne cha mwaka 1847 kilichoondoa herufi nyingi za pembe na mistari kikaweka rangi nyekundu, njano, buluu na nyeusi. Hicho ukikichapa kwa wino mweusi umejipotezea hela, nami nilijipotezea. Lilavati ya Bhaskara wa India, iliyofasiriwa na Henry Colebrooke mwaka 1817, ina fumbo la nyuki: moja ya tano wameenda ua hili, moja ya tatu ua lile, mara tatu ya tofauti ya makundi hayo wameenda la tatu, na mmoja amebaki anazungukazunguka hewani. Nyuki kumi na tano. Nalitumia kila mwaka kwenye sehemu.

Na cha kwetu Afrika kipo: mafunjo ya Ahmes wa Misri, aliyoyanakili karibu miaka 1550 kabla ya Kristo. Tafsiri ya Arnold Chace ilitoka Marekani kwa juzuu mbili, mwaka 1927 na 1929, kwa hiyo hesabu yake ya miaka 95 imetimia juzijuzi tu. Mikate sita kwa watu kumi, anasema Ahmes, kila mtu nusu na moja ya kumi. Wanafunzi wangu walisema tatu ya tano, mpaka nilipowaletea mikate sita na kisu.

Mwezi uliopita nilichapa kurasa chache za Kiarabu kwenye stesheneri ya mtaani, nikampelekea maalimu aliyenifundisha herufi. Macho yake hayaoni vizuri, akaisogeza karatasi dirishani. Ulikuwa mwanzo wa sura za wasia, ambazo ni karibu nusu ya kitabu. Mtu amefariki, ameacha wana wawili, ameusia theluthi ya mali yake kwa mtu baki. Ameacha dirham kumi taslimu, na dirham kumi nyingine anamdai mmoja wa wanawe.

"Nani kaandika hii?"

"Al-Khwarizmi, maalimu. Wa Baghdad."

Akafumba macho, midomo ikicheza. Kitabuni hesabu hiyo inachukua mistari mingi ya kurudisha na kukabilisha. Yeye hakuomba kalamu.

"Tano, tano, tano," akasema. "Mtu baki tano, mwana mmoja tano. Na huyu mwenye deni, tano yake anayo tayari."

"Ndivyo alivyoandika."

"Basi leo hashiki hata dirham." Akanirudishia karatasi. "Na atanuna. Huyo niletee ukurasa wa pili, nione kama hakwenda kwa kadhi."