Tumbo likivurugika, okoa maji ya mwili kwanza

WATU wengi wanapoanza kuhara na kutapika, jambo la kwanza wanalotafuta ni dawa ya kufunga tumbo. Hata hivyo, kinachowaua wagonjwa wengi wa kuhara ni kuishiwa na maji mwilini, na tiba yake inaweza kuanza papo hapo nyumbani.

Maambukizi ya tumbo husababishwa na virusi, bakteria au vimelea vinavyoingia mwilini kupitia chakula, maji au mikono michafu. Mara nyingi mwili wenyewe huvishinda viini hivyo kwa siku chache. Lakini kila anapoenda msalani au kutapika, mgonjwa hupoteza maji pamoja na chumvi zinazouwezesha moyo, misuli na figo kufanya kazi. Mtoto mdogo anaweza kuzidiwa kwa muda wa saa chache tu.

Maji matupu hayatoshi kurudisha kilichopotea. Dawa inayofaa ni ORS, ambayo huuzwa katika pakiti kwenye maduka ya dawa na hupatikana pia katika zahanati. Ndani yake mna chumvi na sukari kwa vipimo maalumu. Sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, nayo chumvi huvuta maji kuingia mwilini, hata wakati mgonjwa angali anahara.

Nguvu ya dawa hiyo ilidhihirika mnamo 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kilipozuka katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India. Dripu zilipopungua, Dkt Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, huku jamaa zao wakisaidia kuwahudumia. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 ya wagonjwa hadi chini ya asilimia 4.

Kabla ya kuchanganya ORS, soma maagizo kwenye pakiti, kwa kuwa baadhi huhitaji nusu lita ya maji na nyingine lita nzima. Tumia maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Dawa iliyochanganywa imwagwe baada ya saa 24.

Pakiti ikikosekana, pima lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita. Tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa bila kurundikwa. Usizidishe chumvi, kwani inaweza kumdhuru mtoto.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, yaani robo hadi nusu kikombe. Wa miaka miwili hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Mtu mzima anywe kadiri atakavyo. Mgonjwa akitapika, subirini dakika 10 kisha muanze tena polepole, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili au tatu.

Soda na sharubati zenye sukari nyingi ziepukwe, kwa sababu huvuta maji kuingia kwenye utumbo na kuzidisha kuhara.

Kosa jingine ni kumnyima mgonjwa chakula ili tumbo lipumzike. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa, tena mara nyingi zaidi. Wengine wapewe uji, wali, viazi, ndizi au maziwa lala, kidogo kidogo. Baada ya kupona, mtoto aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili ili arudishe uzani wake.

Shirika la Afya Duniani, WHO, pia linapendekeza watoto wanaohara wapewe tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14. Zinki hupunguza makali ya ugonjwa na uwezekano wa kurudi katika miezi inayofuata. Tembe hizo zimalizwe hata kama kuhara kumekoma.

Tabia ya kununua tembe za amiba au viuavijasumu bila kupimwa haifai. Dawa hizo haziui virusi, na zikitumiwa ovyo huwapa bakteria usugu. Dawa za kufunga tumbo nazo wasipewe watoto.

Kuna dalili zinazoonyesha kwamba huduma ya nyumbani haitoshi tena. Mpeleke mgonjwa hospitalini bila kukawia iwapo kinyesi kina damu au kinafanana na maji ya mchele, anatapika kila anachokunywa, ana homa kali, hajakojoa kwa saa sita, macho yamedidimia, amelegea au hawezi kunywa. Ngozi ya tumbo ikibanwa kwa vidole na kurudi polepole, hiyo pia ni ishara ya hatari. Aendelee kunyweshwa ORS njiani.

Wazee, wajawazito, watoto wachanga na wenye maradhi ya kudumu wasisubiri dalili hizo ndipo wamwone daktari.

Ili jamaa wengine wasiambukizwe, kila mtu anawe mikono kwa sabuni baada ya kutoka msalani, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kushika chakula. Aliyeugua asiwapikie wengine hadi saa 48 zipite tangu kuhara na kutapika kukome.

Wazazi wahakikishe pia kwamba watoto wao wamepata chanjo ya virusi vya rota, ambayo Kenya iliijumuisha katika chanjo za kawaida za watoto mnamo 2014. Na kwa kuwa tumbo huweza kuvurugika usiku wakati maduka yamefungwa, ni busara kuweka pakiti mbili tatu za ORS nyumbani.