Swali Lako Likifungwa Mtandaoni, Usinune Kwanza

UNAJIFUNZA kuandika programu. Umejisajili kwenye mtandao wa Stack Overflow, ukauliza kwa heshima zote: "Habari zenu wakuu? Kati ya Python na JavaScript, ni lugha gani nzuri kwa mtu anayeanza?" Kabla chai yako ipoe, swali limefungwa. Eti linaalika maoni tu. Na hata ile "habari zenu" mtu ameifuta!

Utasema hao watu wana roho mbaya. Ngoja kidogo.

Jeff Atwood na Joel Spolsky walipoanzisha mtandao huo 2008, shida ilikuwa kwamba ukitafuta jibu la jambo dogo ulilazimika kupitia kurasa nzima za watu wakizozana. Wao wakaweka utaratibu mwingine: swali moja, majibu chini yake, na jibu zuri lipande juu kwa kura. Salamu na asante hazina nafasi. Kwetu hiyo ni kama kuingia nyumba ya watu bila kupiga hodi, lakini ndivyo walivyoamua.

Unajua kikundi chenu cha WhatsApp cha darasa. Mtu anauliza siku ya mwisho ya kutuma maombi ya HELB ni lini. Ukiamka asubuhi unapata jumbe 140: mechi ya Gor na Ingwe, stika, mtu anauza viatu. Jibu limo humo ndani, ila kulipata ni kazi. Kesho mwingine atauliza swali lilo hilo.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka wa 2012 mtu aliuliza Stack Overflow jinsi ya kutoka kwenye Vim, programu ya kuandikia ambayo imewafungia wengi ndani. Unabonyeza Esc, unaandika :q! kisha Enter. Basi. Kufikia 2017, swali hilo lilikuwa limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Lau wangeruhusu watu wabishane hapo kama Vim inaishinda Emacs, na huo ni ubishi wa miaka na mikaka, wote hao wangepitia katikati ya vita ndio wapate mstari mmoja.

Kwa hivyo sheria yenyewe sina neno nayo. Kinachoudhi ni namna inavyotekelezwa. Anayefunga swali lako si bosi wa kampuni. Ni watumiaji wenzako waliofikisha pointi 3,000, na kura tatu zatosha. Baadhi yao wamesahau walivyokuwa siku ya kwanza. Askari wa lango anaweza kukuambia "mlango wako ni ule kule" bila kukufokea. Mwezi Aprili 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kuwa watu wengi mno, hasa wanaoanza, wanawake na watu wasio wazungu, huuona mtandao huo kama mahali pa uhasama na majivuno.

Halafu ChatGPT ikaja mwishoni mwa 2022. Hiyo haikufungii swali wala haikuulizi mbona hukutafuta kwanza. Wengi wakahamia huko, na maswali mapya Stack Overflow yakapungua sana. Ni raha, sikatai. Lakini jibu ulilopewa faraghani linabaki kwa simu yako. Msee wa Kisumu mwenye shida kama yako mwezi ujao hatalipata, na kama jibu lenyewe ni la uongo, hakuna mjuaji atakayepita hapo alipigie kura ya kulishusha.

Ndiyo maana ningekusihi usitoroke. Swali lililofungwa unaweza kulihariri, kisha likafunguliwa tena. Wacha "programu yangu haifanyi kazi, nisaidieni". Sema umeandika nini, ulitarajia nini, na umepata nini badala yake. Bandika maneno ya kosa yalivyo, si picha ya skrini. Punguza msimbo ubaki ile mistari michache inayoleta shida. Mara nyingi utaiona shida mwenyewe kabla hujamaliza kupunguza.

Na lile la Python na JavaScript? Ni swali halali kabisa, ila ni la baraza. Kuna mahali pa ubishi kama Bunge la Mwananchi pale Jeevanjee, Nairobi, ambako hakuna anayekufungia hoja kwa sababu ni maoni. Lipeleke kwa wenzako wanaopenda mjadala. Watu kumi watakupa majibu kumi na mawili, kila mmoja akisifia yake. Wakitulia, muulize kila mmoja yeye hutengeneza nini na hiyo lugha, na nani humlipa.