Batri ya lithiamu ndani ya mtumbwi: mambo ya kujua mbele ya kununua

Tangu watu wajue kwamba nilisoma umeme, kila mwenye mdogo wake ao mjomba wake ku Kasenyi, Tchomia ao Joo ananiletea swali moja tu: "Yaya, hizi batri mupya za lithiamu zinafaa kweli ku ziwa, ao ni mchezo wa wafanyabiashara?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja kwa wote. Ukiona inafaa, musomee mvuvi wako kwa simu.

Kwa wale wasiojua kwetu: Bogoro iko karibu kilomita 25 kutoka Bunia, kwenye barabara inayoshuka Kasenyi. Watu wa nje wanaijua juu ya tarehe 24 Februari 2003 na kesi ya La Haye. Sisi tunaijua pia kama njia ya samaki. Samaki wanapanda kutoka Ziwa Albert kwenda Bunia, na vitu vya duka vinashuka: nyavu, mafuta, ampuli, batri. Ukitaka kujua wavuvi wananunua nini siku hizi, kaa kando ya barabara uangalie mizigo ya pikipiki.

Basi, mtumbwi wa leo unabeba umeme gani? Kwa wavuvi wengi, kitu cha kwanza ni taa. Wale samaki wadogo, ambao upande wa Uganda wanaitwa muziri na ragoge, wanafuata mwanga usiku. Zamani ilikuwa taa ya petroli ya kupampu. Leo ni ampuli za LED. Cha pili ni simu: ya kuita, na ya kuonyesha mahali mtumbwi uko. Hii si anasa. Mpaka wetu na Uganda unapita katikati ya maji, hakuna nguzo wala kamba, na upepo hauulizi kitambulisho. Mtu aliyepotea upande wa pili anaweza kurudi bila motere, bila nyavu, ao kulala gerezani. Wachache wenye uwezo wanaongeza GPS na kile chombo cha kuona samaki chini ya maji. Vyote vinakula kwa batri moja ya volti 12.

Tupige hesabu, maana bila hesabu tutabishana bure. Ampuli nne za wati 5 ni wati 20. Kutoka saa 12 ya jioni mpaka saa 11 ya alfajiri ni masaa 11: wati-saa 220. Ongeza simu mbili tatu, wati-saa 30. Jumla 250 kwa usiku mmoja.

Batri ya maji, yaani ya risasi na asidi, haipendi kumalizwa. Ukitaka iishi, tumia nusu yake tu. Kwa wati-saa 250 unahitaji batri ya ampea-saa 42 hivi, kwa hiyo utanunua ya 45 ao 50, na utabeba kilo 13 mpaka 15. Batri ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 ya nguvu yake bila kuiumiza. Kazi ile ile inafanywa na batri ya ampea-saa 25, yenye kilo karibu 3. Mwenye kupandisha batri kila asubuhi kutoka ufukweni mpaka kwa mwenye pano ya sola anaelewa maana ya zile kilo kumi kuliko mimi ninayeandika.

Lakini uzito si sababu kubwa. Sababu kubwa ni mvua na mwezi. Batri ya risasi ikibaki nusu tupu siku kadhaa, chumvi ngumu inajijenga kwenye vibao vyake vya ndani, na uwezo unapungua kidogo kidogo bila kurudi. Sasa angalia maisha ya ziwa: siku tatu za mawingu, pano haijazi vizuri, lakini usiku mvuvi anatoka tu kwa sababu nyumbani kuko watoto. Kisha mwezi unajaa, samaki hawaji tena kwenye taa, batri inasahauliwa kwa pembe ya nyumba siku kumi ikiwa tupu. Batri ya risasi haikutengenezwa kwa mateso hayo. Lithiamu inavumilia kubaki nusu, na kupumzika ikiwa nusu ni kuzuri kwake kuliko kupumzika ikiwa imejaa kabisa. Tena inapokea moto haraka. Ile ya risasi, sehemu yake ya mwisho inajaa pole pole kwa masaa mengi, na jua letu halingojei.

Ninaposema lithiamu hapa nasema ya aina ya fosfati ya chuma, inayoandikwa LFP ao LiFePO4. Simu nyingi zina aina nyingine, yenye kobalti, ile inayochimbwa Lualaba. LFP haina kobalti hata chembe. Ni nzito kuliko ile ya simu, lakini inastahimili joto zaidi na haishiki moto kwa urahisi. Ku ziwa, mahali jua linapiga mtumbwi mchana kutwa na bidoni ya mafuta iko hatua mbili, chagua LFP. Seli yake moja ina volti 3.2, nne zikifuatana zinatoa 12.8.

Sasa nifike kwa jambo ambalo wauzaji hawasemi, na kwangu njo kubwa kuliko yote. Batri ya risasi inakufa ikionya. Taa inafifia, mvuvi anajua, anakunja nyavu, anarudi. Batri ya lithiamu haifanyi hivyo. Volti yake inabaki karibu 13 usiku karibu wote, taa inawaka kama saa ya kwanza, halafu ghafla: giza. Ndani yake kuko kadi ndogo ya ulinzi inayokata umeme ili seli zisiharibike. Kadi inalinda batri. Mtu aliye katikati ya maji saa 9 ya usiku haimuhusu. Taa, GPS, na simu iliyokuwa kwenye chaji vinakatwa kwa sekunde moja. Na ile mita ya volti ya bei ndogo haitakusaidia, kwa sababu kati ya batri iliyojaa na batri iliyobakiza robo, namba inasogea kidogo sana.

Kwa hiyo mvuvi anayehama kwenda lithiamu anapaswa kubadilisha na desturi. Hesabu masaa, usiangalie mwanga. Simu moja ijae kabla ya kutoka na ikae ndani ya mfuko wa plastiki, isitumike kwa muziki. Tochi yenye batri yake mwenyewe iwe mtumbwini siku zote. Mwenye pesa kidogo anunue ile mita inayohesabu ampea zinazotoka na kuingia. Hiyo haidanganyi sana. Kijana asiyekubali haya, mimi namwambia abaki na batri ya maji.

Halafu kuko uongo wa dukani. Batri imeandikwa 100Ah kwa herufi za dhahabu, ukiinua ni nyepesi kama mkate. Inua kwanza, soma baadaye. Batri ya LFP ya ampea-saa 100 ina kilo karibu 11. Ile inayojiita 100 na ina kilo 4 haiwezi kuwa 100, fizikia inakataa. Jaribio la pili ni la ampuli. Jaza batri mpaka mwisho, funga taa za wati 20, andika saa. Batri ya kweli ya ampea-saa 25 inapaswa kuwasha masaa 15 ao 16 mbele ya kukata. Ikikata baada ya masaa 6, umeuziwa seli kuukuu zilizovalishwa nguo mpya. Kubaliana na muuzaji kuhusu jaribio hili mbele ya kulipa. Akikasirika, umeshapata jibu.

Kuhusu kujaza: LFP ya volti 12 inataka mwisho wa volti 14.2 mpaka 14.6. Shaja na vidhibiti vya sola vya batri ya maji mara nyingine vinapandisha mpaka karibu 15 ili kusafisha vibao. Hiyo si dawa ya lithiamu. Tafuta kidhibiti chenye alama ya lithiamu, ao kinachokubali kupangwa. Kwa wati-saa 250 kwa siku, pano ya wati 80 inatosha jua likiwa zuri. Kwa msimu wa mvua weka 120. Usifunge lithiamu pamoja na batri ya zamani ya risasi ili "kusaidiana". Hazisaidiani.

Weka fyuzi karibu kabisa na kichwa cha chanya. Batri ya lithiamu ikigusanishwa waya mbili inatoa moto mkali sana kwa mara moja, na cheche pamoja na harufu ya esansi ni msiba. Batri ikae ndani ya sanduku lisiloingiza maji, nyuzi zifungwe ufukweni, si gizani karibu na motere.

Kitu kimoja kuhusu batri za zamani, maana kinanihuzunisha. Kuko vijana wanaozivunja, wanamwaga asidi chini, wanayeyusha risasi kwa sufuria ili kufanya uzito wa nyavu. Moshi wa risasi unaingia kwa damu, na watoto wadogo ndio unaowaharibu zaidi, akili yao kwanza. Hiyo peke yake ingetosha kunifanya nipende lithiamu. Lakini niwe mkweli: risasi kuukuu ina mnunuzi, na lithiamu iliyokufa sijaona mtu Bunia anayeinunua.

Na bei? Chukua mfano tu: batri ya maji dola 60, ya lithiamu dola 150. Mvuvi wa taa anatoka usiku kama 20 kwa mwezi, 240 kwa mwaka. Batri ya maji inayotunzwa vizuri inafanya mizunguko 400 hivi. LFP nzuri inapita 2000. Kwa miaka mitano ni batri tatu za maji, dola 180, kwa moja ya lithiamu. Hesabu inakubali, lakini mfuko wa mvuvi hauna miaka mitano, una leo jioni. Ku Ziwa Victoria, upande wa Kenya, walijaribu njia nyingine: tangu 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo Mbita cha kukodisha taa za batri kwa wavuvi, na leo WeTu inafanya kazi kama hiyo. Mvuvi analipa usiku, si batri. Kituo ndicho kinachojaza, kinachopima, kinachotupa iliyochoka.

Sisi kwenye chama tuna mafundi umeme, tuna waliosoma uchumi, na wengine wana ndugu wenye mitumbwi. Batri kumi, pano, mizani, daftari la masaa. Mwenye kutaka tukae tupige hesabu ya kituo kidogo ku Kasenyi aniandikie, na aje na bei za kweli za wiki hii.