Watoto wakiingia mashuani, mzazi mmoja huacha kuwa baharia

LIKIZO ya Desemba inapowadia, kuna wazazi ambao badala ya kuwaacha watoto wao wacheze mchangani, hutamani kuwapakia katika mashua ndogo ya tanga na kuvinjari nao katika hori ya Kilifi au ya Mtwapa. Aghalabu wazazi hao walijifunza kuendesha vyombo hivyo kabla ya kujaliwa watoto, na hudhani kwamba kuwaongeza wawili, wa miaka minne na saba, ni suala la nafasi tu.

Si suala la nafasi. Jahazi husimama wima kwa uzito wake na wa shehena au farumi iliyowekwa chini. Ngalawa hushikiliwa na matengo yake mawili. Mashua nyepesi haina hili wala lile. Katikati yake hupitishwa ubao mwembamba unaozama majini ili chombo kisisukumwe kando, lakini ubao huo hauna uzito wa kukisimamisha. Kinachokisimamisha ni miili ya watu. Upepo unapokilaza, waendeshaji huketi ukingoni upande wa joshi, huko upepo utokako, na kuinamia nje hadi kitulie. Upepo ukilegea, hurudi ndani mara moja. Wepesi huo ndio raha ya chombo, na ndio hatari yake.

Sasa mtoto wa miaka minne ana uzito wa kilo 16 hivi. Kilo hizo hazipindui mashua. Tatizo ni kwamba yule anayemshika mtoto, kumfunga kofia, kumpa maji ya kunywa au kumkataza asitumbukize mikono baharini, hawezi tena kuinamia nje pindi upepo unapovuma kwa ghafla. Familia ya watu wanne, basi, haina mabaharia wanne, wala wawili. Ina baharia mmoja na abiria watatu. Kila uamuzi wa siku hiyo hauna budi kuanzia kwenye swali moja: lau ningekuwa peke yangu, je, tanga hili ningelimudu?

Jibu mara nyingi ni la, na sababu yake ni hesabu. Nguvu ya upepo kwenye tanga haiongezeki sambamba na kasi yake. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ukipanda hadi 21, msukumo wake hukaribia kuwa maradufu. Ukifika 30, huwa mara nne. Mwenye busara hulipunguza tanga angali ufukweni, kabla ya watoto kupanda, kwani kulipunguza katikati ya hori huku mtoto analia ni kazi ya mikono minne. Hapa akina baba wengi huponzwa na fahari: mashua ya jirani imetweka tanga zima, nasi tutaonekanaje?

Fauka ya hayo, kamba ya demani, ile inayolivuta tanga, isifungwe kamwe. Ikae mkononi. Ikiachiliwa, tanga humwaga upepo na chombo husimama tena. Ikifungwa, hakuna breki nyingine.

Msimu nao una usemi wake. Likizo ya Agosti huangukia wakati wa kusi, ambapo hata wavuvi wenye vyombo vidogo hupunguza safari za nje ya miamba. Kaskazi ya Desemba huanza siku kwa upole na kuchachamaa mchana, kwa hivyo asubuhi ndiyo saa ya watoto. Vilevile, mzazi aangalie mwezi. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na yanapotoka horini hukimbia kwa kasi mlangoni. Yakikutana na upepo utokao baharini, huzuka mawimbi mafupi yaliyosimama kama ngazi. Heri kutoka maji yanapojaa. Upepo ukikatika, mkondo utaisukuma mashua kuelekea ndani ya hori, si baharini.

Ndani ya chombo, mahali pa mtoto mdogo ni chini, karibu na mlingoti. Hapo uzito wake hauathiri mizani sana, na kichwa chake ki mbali na ule mti wa chini wa tanga, ambao upepo wa nyuma ukibadilika huvuka kutoka upande hadi upande kwa nguvu ya rungu. Jaketi la kuokolea maisha lazima liwe la kipimo chake na liwe na mkanda unaopita kati ya miguu. Bila mkanda huo, mtoto akianguka majini jaketi hupanda hadi masikioni na mwili huteremka. Kuna wazazi ambao kwa mapenzi humfunga mtoto kwa kamba kwenye mashua. Katika chombo kinachoweza kupinduka, hilo ni kosa kubwa: mashua ikilala, mtoto atakwama chini yake.

Nayo italala siku moja. Ndiyo sababu yafaa ipinduliwe makusudi, karibu na ufuko, siku ya utulivu, watoto wakitazama kwanza kisha wakishiriki. Wajifunze kwamba anayejikuta chini ya tanga hulisukuma juu kwa mkono ili apate hewa, halafu hutoka akifuata mshono mmoja hadi ukingoni. Wazazi wahesabu vichwa kabla ya jambo lolote. Kisha mmoja huzunguka na kukanyaga ule ubao wa kati ili kukiinua chombo, na mwenzake hubaki na watoto upande wa ndani; chombo kinapoinuka, mtoto anayeelea kando ya ukingo wa chini anaweza kubebwa ndani nacho. Mashua isipoinuka, wote waishikilie. Kuogelea kuelekea nchi kavu, hata ikionekana karibu, kumewapoteza watu wengi kuliko kungojea.

Mwishowe kuna baridi, ambayo watu wa bara hawaitarajii Pwani. Mtoto mdogo aliyelowa maji na kupigwa na upepo hutetemeka hata katika bahari ya vuguvugu, kwani mwili wake hupoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima. Saa moja yatosha. Midomo ikianza kubadilika rangi, geuza omo uelekee ufukweni, hata kama upepo ndio kwanza umekuwa mzuri.