Mgongo Ukiuma, Angalia Unavyoinama

Ndugu mkulima wa Karagwe na Kyerwa, kupalilia na kubeba magunia ya kahawa huuchosha mgongo. Maumivu hayo huweza kupungua bila vidonge.

Bwana F. M. Alexander, mwigizaji wa Australia, alizaliwa mwaka 1869. Sauti yake ilikuwa ikikauka. Alijitazama kwenye kioo, akaona anakaza shingo na kuvuta kichwa nyuma. Alipoacha, sauti ikarudi. Akaanza kufundisha watu namna ya kusimama na kukaa. Mwaka 2008, utafiti wa Uingereza ulionyesha faida yake. Wagonjwa wa mgongo waliopata masomo 24, baada ya mwaka mmoja waliumwa siku 3 kwa mwezi. Wasiofundishwa waliumwa siku 21.

Nawe fanya hivi. Legeza shingo. Unapoinua mkungu wa ndizi, kunja magoti, uulete karibu na tumbo. Tumia jembe la mpini mrefu. Simama mara kwa mara, unyooke.

Lakini miguu ikifa ganzi, mkojo ukiziba au ukitoka wenyewe, au ukiwa na homa na kukonda, usingoje. Huenda ni kifua kikuu cha mgongo. Nenda zahanati leo hii.