Maganda ya Kamba na Magoti ya Mahujaji

Geuza chupa ya vidonge vya magoti, usome hadi chini, penye herufi ndogo ambazo mnunuzi hana habari nazo. Utakuta onyo kwamba dawa imetokana na kamba au kaa. Chupa hizo zimejaa kwenye maduka ya dawa ya Jeddah, na wazee wetu wanaokuja Hija au Umra huziulizia sana. Mizunguko saba ya tawafu, kisha mara saba baina ya Safa na Marwa, goti la miaka sabini halina budi kulalamika.

Kilichonisumbua ni kwamba kwenye soko la samaki la mji huohuo kamba wanamenywa kutwa, na maganda yao yanaishia kwenye mapipa ya taka. Kusini zaidi, Al Lith, kuna mashamba makubwa ya kamba ukingoni mwa Bahari ya Shamu. Lakini zile chupa nilizozigeuza dukani zote zilitoka ng'ambo.

Mfamasia mmoja wa asili ya Mombasa ndiye aliyenifungua macho. Jina lake aliniomba nisilitaje, maana duka si lake. Alisomea Riyadh, na huko, enzi za uanafunzi, aliwahi kuyapika maganda kwa mikono yake.

Anasimulia kwa raha kabisa. Ganda huoshwa, hukaushwa, husagwa, kisha hutiwa kwenye asidi ya hidrokloriki. Hapo huanza kutoa povu na kuchachatika, chokaa yote ikiyeyuka na kutoa gesi, mpaka kile kilichokuwa kigumu kinalegea na kupindika vidoleni. Hufuata kostiki soda ya moto, inayong'oa protini. Harufu ya hatua hiyo, anasema, ilimfuata hadi bwenini, na wenzake wakahama meza ya chakula. Kinachobaki ni kitini, utando mwepesi wenye wekundu wa mbali. Hapo njia zinaachana. Ukiuchemsha kwa asidi kali unapata fuwele za glukosamini, ile ya magoti. Mjerumani Georg Ledderhose aliipata hivyo mwaka 1876 kutoka kwa maganda ya kamba koche. Ukiuchemsha kwa kostiki kali unapata kitosani.

Na baina ya hatua moja na nyingine ni kusuuza, kusuuza, kusuuza. Hapo ndipo alipolijibu swali langu la taka bila hata kulikusudia. Maji mengi ya Riyadh husukumwa mamia ya kilomita jangwani kutoka mitambo ya kuondoa chumvi ya pwani ya Ghuba, na Jeddah nayo hunywa bahari iliyochujwa. Makala moja ya jarida la Nature, mwaka 2015, ilikadiria kwamba kilo moja ya kitosani kutoka maganda ya kamba hula zaidi ya tani moja ya maji. Ganda ni la bure, maji ndiyo ghali. Je, mtu akipata njia isiyohitaji maji mengi hivyo, yale mapipa ya sokoni yatakuwa mali ya nani?

Mfamasia mwenyewe hamu yake iko kwenye kitosani. Chembe zake zina chaji chanya, chembe nyekundu za damu zina chaji hasi. Zikikutana hugandamana na jeraha huziba. Bandeji ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2002, na askari wao wakaenda nayo Afghanistan na Iraq. Hiyo, kwake, ni dawa.

Glukosamini anaizungumzia kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia watu 1,583 wenye magoti mabovu. Waliomeza glukosamini, 64 katika kila 100 walipata nafuu. Waliopewa vidonge vitupu, 60. Tofauti hiyo wataalamu hawakuihesabu kuwa kitu.

Basi mbona anaiuza? Anasema mzee akirudi na kumwambia kwamba amepanda ngazi bila kushikwa mkono, hana ulimi wa kumkanusha. Anachoweza ni kumhoji kabla hajalipa. Unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda? Kama ndiyo, anamrudisha kwa daktari wake. Kamba wanakudhuru ukiwala? Wengine humtangulia wao kwa swali: gelatini ya kapsuli ni ya mnyama gani? Kuhusu kamba mwenyewe, sisi Washafi hatuna neno. Wahanafi wa Bara Hindi, ambao Jeddah ina wengi, wanahitilafiana.

Nilimuuliza kama mama yake kule Mombasa anapelekewa chupa hizo. Akacheka, akasema humpelekea kila anapoomba, na huomba kila mwaka.